Hoja za ukaguzi zipewe tarehe ya mwisho kisheria

Ndugu Mhariri,

Kila inapotajwa habari ya kurekebisha usimamizi wa sekta ya fedha, mjadala huanzia mahali palepale: mamlaka ziwe ngapi? Wapo wanaotaka benki, bima, mifuko ya pensheni na masoko ya mitaji viwekwe chini ya chombo kimoja. Wapo wanaotaka viwili, kimoja kilinde uimara wa taasisi na kingine kilinde haki ya mteja. Na wapo wasiotaka kuguswa kabisa, maana kila chombo kina mkurugenzi wake, magari yake na bajeti yake. Maoni ya pande zote mnayachapisha, na mengi yameandikwa na watu wenye kisomo. Lakini sijaona anayeligusa jambo ambalo mtu yeyote aliyefanya ukaguzi wa ndani wa benki analijua: mara nyingi msimamizi anakuwa ameshajua. Ameliona tatizo mapema, ameliandika, barua ipo kwenye faili na benki ina nakala yake. Kinachokosekana ni sheria ya kumlazimisha achukue hatua kabla ya tarehe fulani.

Mimi ni mstaafu wa idara ya ukaguzi wa ndani. Sehemu ya kazi yangu ilikuwa kuwapokea wakaguzi wa msimamizi, kuwatafutia chumba chenye mlango unaofungwa, kuwaletea mafaili, na wakishaondoka kukusanya majibu ya kila idara na kuyapanga kwenye jedwali. Jedwali lenyewe lilikuwa na safu tano: namba ya hoja (yaani kasoro iliyoandikwa na wakaguzi), maelezo ya hoja, majibu ya menejimenti, afisa mhusika na tarehe ya kukamilisha. Safu ya tatu ningeweza kuijaza nikiwa nimelala. Wakaguzi wanaandika kwamba mikopo mikubwa inapitishwa bila akidi ya kamati, menejimenti inajibu, "Utekelezaji unaendelea." Wanaandika kwamba mkopo wa kampuni yenye uhusiano na mjumbe wa bodi umesogezwa muda tena na tena ili usihesabiwe kuwa chechefu, yaani usiolipwa, menejimenti inajibu, "Utekelezaji unaendelea." Mwaka unaofuata wanakuja wakaguzi wengine, wengi wao wageni. Hoja ileile inaandikwa upya kwa namba mpya, na tarehe ya kukamilisha inasogezwa mbele. Kwa kuwa namba ni mpya, hoja inaonekana changa. Kuna moja niliifuata kwenye mafaili ya zamani, nikarudi nayo nyuma hadi enzi ya mkurugenzi mtendaji aliyekuwa ameshasahaulika hata picha yake ukutani.

Wakaguzi wale hawakuwa wazembe, na hakuna hata mmoja niliyemwona akipokea bahasha. Waliandika vizuri, pengine kuliko sisi. Ila barua yao haikuwa na meno. Sheria ilimpa msimamizi ruhusa ya kuchukua hatua; haikumpa wajibu. Mwenye ruhusa tu anaweza kusubiri, na mkuu wa kazi aliye timamu husubiri, kwa sababu akiigusa benki leo ikatikisika, lawama ni zake. Akiiacha ikaja kuanguka baada ya yeye kuhamishwa, lawama ni za mwingine.

Ndiyo maana idadi ya mamlaka hainisisimui. Uingereza ilikuwa na chombo kimoja kikubwa, FSA, kilichokusanya benki, bima na masoko pamoja, na kikapata madaraka yake kamili Desemba 2001. Septemba 2007 watu walipanga foleni nje ya matawi ya Northern Rock kutoa amana zao. Benki hiyo ilikuwa inakopesha wanunuzi wa nyumba kwa fedha zilizokopwa masokoni, na masoko yalipokauka ikawa haina pa kushika. Wakaguzi wa ndani wa FSA yenyewe walipofungua faili, ripoti yao ya Machi 2008 ilionyesha kwamba benki hiyo haikuwahi kuwekewa mpango wa kupunguza hatari kama utaratibu ulivyotaka, na vikao muhimu na wakuu wake havikuandikiwa kumbukumbu ipasavyo. Chombo kimoja, jengo moja, na bado faili lilikuwa tupu. FSA ikavunjwa Aprili 2013, kazi yake ikagawanywa kwa vyombo viwili.

Marekani kwa upande wake ilikuwa na utitiri wa wasimamizi, nayo ikaungua 2008. Australia ilikuwa na viwili tangu 1998, mpangilio ambao wataalamu wengi wanausifu hadi leo, na kweli benki zake zilivuka msukosuko wa 2008 zikiwa zimesimama. Lakini tume ya jaji Kenneth Hayne, iliyotoa ripoti yake ya mwisho Februari 2019, ilisikia jinsi taasisi kubwa za nchi hiyo zilivyokuwa zikiwatoza ada za ushauri wateja waliokwisha kufariki. Hayne alimlaumu msimamizi wa haki za wateja kwa tabia yake ya kukuta kosa na kuanza kwa kuuliza litamalizwaje kwa maelewano, badala ya kuuliza kwa nini lisipelekwe mahakamani. Kimoja, viwili, kumi: kote huko kuna mtu aliyekuwa na karatasi mkononi.

Mfano ninaoupenda zaidi, kama mtu anaweza kuipenda habari ya namna hii, ni wa zamani kidogo. Miaka ya 1980 kulikuwa na taasisi ya akiba na mikopo ya California iitwayo Lincoln, mali ya kampuni ya Charles Keating. Wakaguzi wa San Francisco waliikagua, wakakuta uwekezaji wa hatari, vitabu visivyoaminika, na mikopo ambayo nyaraka zake ziliandaliwa baada ya fedha kutoka. Aprili 1987 maseneta watano, waliokuwa wamepokea kwa jumla kama dola milioni 1.3 za michango kutoka kwa Keating na watu wake, waliwaita wasimamizi hao kuwauliza kwa nini wanamsumbua. Mwezi uliofuata wakaguzi walipendekeza Lincoln itwaliwe. Haikutwaliwa. Mwaka 1988 San Francisco ikanyang'anywa faili, likahamishiwa makao makuu Washington. Lincoln ikaachwa hadi Aprili 1989, ilipoanguka na kuwagharimu walipa kodi zaidi ya dola bilioni 3.

Hiyo ndiyo sehemu inayojulikana. Inayoniuma mimi, kama mtu wa benki, ni iliyotokea kaunta. Katika muda ule faili lilipokuwa linazungushwa, kwenye matawi ya Lincoln wateja walikuwa wakishawishiwa wanunue hati fungani, yaani karatasi za kuikopesha fedha kampuni mama ya Keating. Mteja ameingia benki, amekaa kwenye kiti cha benki, anahudumiwa chini ya bango la benki, na bango linasema amana zina kinga ya serikali. Hati fungani hazikuwa na kinga hiyo. Watu zaidi ya 20,000, wengi wao wazee, walizinunua. Kampuni mama ilipofilisika, zikabaki karatasi. Nimewahi kukaa kaunta kabla ya kuingia ukaguzi, na najua namna mzee anavyosaini pale unapomwonyesha kwa ncha ya kalamu. Hasomi. Anakutazama wewe usoni.

Sasa hesabu: tangu wakaguzi walipopendekeza Mei 1987 hadi anguko la Aprili 1989 ni karibu miaka miwili. Katika miaka hiyo watu waliendelea kununua karatasi zile. Kungekuwa na tarehe ya mwisho kisheria, baadhi yao wangepona.

Wamarekani walijifunza, na walichojifunza ndicho ninachotaka tukisome vizuri. Sheria yao ya 1991 ilizipanga benki katika madaraja matano kwa kipimo cha mtaji, na kila daraja likaambatana na hatua zake. Mtaji ukishuka, benki inazuiwa kugawa gawio na kukua, na lazima ilete mpango wa kujirekebisha. Ukishuka chini ya asilimia 2 ya mali, msimamizi ana siku 90 kuiweka chini ya ufilisi au kueleza kwa maandishi kwa nini njia nyingine ni bora. Hapo mambo yanageuka. Msimamizi haulizwi tena kwa nini umechukua hatua. Anaulizwa kwa nini hujachukua. Seneta akipiga simu, jibu lipo tayari: mheshimiwa, sheria hii mliitunga ninyi.

Ila sheria hiyo ina tundu, na tundu lenyewe limewahi kupitisha tembo. Mtaji ni kipimo kinachochelewa. Vitabu vya benki vinaweza kuonyesha mtaji mzuri hadi asubuhi ya kufungwa. Silicon Valley Bank ilihesabika kuwa na mtaji wa kutosha, na Machi 9, 2023 wateja wake wakatoa dola bilioni 42 kwa siku moja. Kesho yake ikafungwa. Benki Kuu ya Marekani ilipojichunguza, ripoti yake ya Aprili mwaka huo ilikiri kwamba wasimamizi walikuwa wameyaona matatizo, na kwamba benki ilikuwa na hoja 31 ambazo hazijafungwa, karibu mara tatu ya benki za rika lake. Nilipoisoma namba hiyo nilicheka peke yangu. Thelathini na moja! Nililiona jedwali lao kama vile limechapwa kwenye ofisi yangu: safu ya tatu, afisa mhusika, tarehe imesogezwa.

Kwa hiyo hatua za lazima zisifungwe kwenye mtaji peke yake. Zifungwe pia kwenye umri wa hoja. Hoja nzito ipewe namba moja na ibaki nayo hadi ifungwe, hata wakaguzi wabadilike wote. Ifungwe kwa mkaguzi kuona kazi imefanyika, si kwa kusoma jibu. Ikitimiza miezi kumi na miwili, gawio kwa wanahisa na bonasi za wakuu zisimame zenyewe bila mtu kusaini, na matawi mapya yasifunguliwe. Ikitimiza miaka miwili, suala liende mbele ya jopo la leseni, na afisa ambaye jina lake limekaa kwenye safu ya nne ajieleze kama bado anastahili kukaa kwenye kiti. Msimamizi akiona ipo sababu ya kusubiri, asubiri; sheria isimfunge mikono kipumbavu, maana kuna benki inayohitaji muda kwa haki. Lakini aandike sababu, asaini yeye mwenyewe, na karatasi hiyo imfikie mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali. Utashangaa jinsi sababu nyingi zinavyoyeyuka zinapohitaji saini.

Najua nitakachojibiwa, kwa kuwa nimeshajibiwa. La kwanza: ukitangaza kwamba benki fulani ina hoja nzito, umewaita watu milangoni. Sawa kabisa, wala sisemi itangazwe. Kanada wana mwongozo wa kuingilia kati wenye ngazi kuanzia 0, ambapo mambo ni ya kawaida, hadi 4, ambapo taasisi iko ukingoni. Mwongozo uko wazi kwa kila mtu, na kila mwenye taasisi anajua kabisa kitakachompata akipanda ngazi. Ngazi aliyopo taasisi fulani haitangazwi. Kanuni ziwe hadharani na hali ya mgonjwa ibaki siri. Hayo mawili hayagombani.

La pili ni zito zaidi, na lililetwa kwangu na mkaguzi wa upande wa msimamizi, mtu ninayemheshimu. Alisema: mkiifanya hoja nzito iwe na madhara, wakaguzi wataogopa kuiita nzito. Itaandikwa ya kati, na benki zitakuja na mawakili kugombania neno moja kwenye ripoti. Ni kweli. Nimeona ugomvi wa namna hiyo hata pale ambapo hakukuwa na madhara yoyote zaidi ya aibu kwenye kikao cha bodi. Dawa kamili sina. Lakini nusu ya dawa ni kwamba uzito wa hoja usishushwe na yule aliyekaa na benki mezani. Mkaguzi akishaipa uzito, kuishusha iwe kazi ya kitengo kingine, na daftari litunzwe la kila hoja iliyoshushwa na nani aliomba. Nusu nyingine ni kinga. Kanuni za kimataifa za usimamizi wa benki, zile za Kamati ya Basel, zinataka msimamizi na watumishi wake wakingwe kisheria kwa waliyoyafanya kwa nia njema. Kijana wa ukaguzi anayejua anaweza kushtakiwa binafsi na mwanahisa tajiri hawezi kuandika neno zito. Na tuongeze, kwa kuwa tumelifikia: asiruhusiwe kuajiriwa na benki aliyoikagua kabla ya muda wa kutosha kupita. Nimewapigia makofi ya kuwakaribisha kazini wenzetu ambao mwezi uliopita tulikuwa tunawapelekea mafaili.

Kuhusu mipaka ya mamlaka, ambayo ndiyo inayokula kurasa nyingi za mjadala, nina machache. Msimamizi afuate kazi inayofanyika, asifuate jina lililo kwenye leseni. AIG ilikuwa kampuni ya bima, lakini kitengo kilichoiangusha kilikuwa kinauza kinga za madeni, yaani ahadi ya kulipa mdaiwa akishindwa, kwa mabenki makubwa, na kwa kuwa kampuni hiyo ilimiliki pia taasisi ndogo ya akiba, msimamizi wa kundi zima akawa ni ofisi ya kusimamia taasisi za akiba. Septemba 16, 2008 ilitangazwa kupewa mkopo wa dola bilioni 85 ili isizame. Wirecard ya Ujerumani ilitambulika kuwa kampuni ya teknolojia, benki yake ndiyo iliyokuwa chini ya msimamizi; waandishi wa habari walipoanza kuuliza, msimamizi akawashtaki waandishi. Juni 2020 ikabainika euro bilioni 1.9 hazipo. Na wakopeshaji wa kwenye simu, wale ambao mikopo yao watu wameibatiza kausha damu, walistawi Kenya miaka mingi kwa hoja moja tu: hawapokei amana, basi si benki, basi Benki Kuu haiwahusu. Ilibidi sheria ibadilishwe mwishoni mwa 2021 na kanuni zitoke Machi 2022 ndipo wakalazimika kuomba leseni na kukatazwa kumtukana mdaiwa au kuwapigia simu watu wote waliomo kwenye kitabu chake cha namba. Katika habari zote tatu kulikuwa na ofisi iliyosema si kwetu. Sheria itamke kwamba shughuli ikiwa katikati ya mamlaka mbili, iliyopata taarifa kwanza ndiyo inayobeba hoja hadi itakapokabidhi kwa maandishi na kupokewa. Hilo linatosha. Halihitaji jengo jipya.

Limebaki moja, la wateja, na sitaki lipite haraka kwa sababu hapa ndipo hoja nyingi huzaliwa. Dawati la malalamiko lilikuwa mlango wa pili kutoka ofisini kwangu. Malalamiko yaliyoingia pale yalikuwa ukaguzi wa bure: mtu amekatwa bima ambayo haijui, mwingine amelipa mkopo wote na bado hati ya nyumba haijatoka. Moja ni kosa la karani. Yakija ishirini yanayofanana kutoka matawi tofauti, huo ni mpango. Lakini yalishughulikiwa moja moja, kila mmoja akarudishiwa chake na kuandikiwa barua ya kuombwa radhi, na hakuna aliyetakiwa kuyajumlisha. Niliwahi kupendekeza ripoti ya kila robo mwaka ya malalamiko yanayofanana. Nikaambiwa ni wazo zuri, lipelekwe kwenye kikao. Nadhani bado liko njiani.

Uingereza wana njia ambayo ingetufaa hapa. Sheria yao ya 2002 inaziruhusu taasisi za kutetea walaji zilizoidhinishwa kupeleka lalamiko kubwa kwa niaba ya wateja wote wa soko fulani, na aliyepelekewa anapaswa kujibu hadharani ndani ya siku 90: atafanya nini, na kama hafanyi, kwa nini. Mwaka 2005 shirika la Citizens Advice lilitumia njia hiyo kuhusu bima za mikopo zilizokuwa zikiuzwa kwa watu wasiozihitaji au wasioweza hata kulipwa kwa masharti yake. Sisemi mambo yalikwisha pale. Ulifuata uchunguzi, zikafuata kesi, na dirisha la madai lilifungwa Agosti 29, 2019, mabenki yakiwa yamerudisha pauni zaidi ya bilioni 30. Miaka kumi na minne ni mingi mno, na aliyedai mwishoni huenda alikuwa mrithi wa aliyekatwa. Lakini bila zile siku 90 za mwanzo lalamiko lile lingekaa pamoja na mengine, kila mteja na barua yake ya kuombwa radhi.

Njia hiyo ingewekwa kwetu, vyama vya wateja, vyama vya wafanyakazi, hata umoja wa vikundi vya kuweka na kukopa vingekuwa na mahali pa kugonga wakajibiwa kwa tarehe. Jibu likishatolewa liandikwe kuwa hoja, lipewe namba, na liingie kwenye saa ileile niliyoieleza juu ya hoja za wakaguzi.

Mwisho, Mhariri, nina ombi dogo ambalo halisubiri muswada wala kuunganishwa kwa mamlaka. Wasimamizi wa fedha hutoa taarifa ya mwaka. Huwa nazisoma. Zina picha za semina, idadi ya leseni zilizotolewa, idadi ya kaguzi zilizofanyika. Waongeze safu moja: hoja nzito zilizo wazi kwa zaidi ya miezi kumi na miwili ni ngapi, kwa benki zote kwa pamoja, kwa bima zote, kwa wakopeshaji wote. Jina la taasisi lisiwepo, basi hakuna atakayekimbilia milangoni. Namba hiyo wanayo. Mtu wa takwimu anaitoa kwenye kompyuta kabla chai haijapoa. Waandishi wenu wakienda kwenye mkutano ujao wa mamlaka yoyote na waandishi wa habari, naomba mmoja wao aiulize, na mwaka unaofuata aiulize tena.

Wenu,
Mkaguzi wa ndani mstaafu